Singa Machoni mwa Wifi

Bwana wa minyoo alivaa glavu. Naanza na hilo kwa sababu wote walionihoji baadaye walitaka nianze na mengine: uzembe wetu, ushamba wetu, ulimi wangu. Mimi naanza na glavu. Zilikuwa za mpira, rangi ya ini, zinamfikia karibu na viwiko, na kila asubuhi alizivaa mlangoni kabla hajagusa kitu, akizivuta kidole kwa kidole. Sisi tulikuwa na mikono yetu.

Alikuja Mbozi na lori zima la masanduku. Alikuwa amekaa pwani miaka mingi akiokota minyoo kwenye mawe ya bahari maji yakipwa, mpaka homa ikamkausha. Ndipo rafiki yake, mzungu mwenzake mwenye shamba la kahawa huku kwetu, akamwambia apande kwenye baridi aje amalizie kazi yake. Akapewa ghala la zamani la kahawa. Masanduku yalipofunguliwa, ndani ya maranda mlikuwa na chupa, na ndani ya chupa, kwenye spiriti, minyoo. Shamba zima lilikuja kuchungulia. Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona bahari. Mzee mmoja alitazama chupa tatu hivi, akatema mate pembeni, akasema, "Kama bahari ndiyo hii, basi wakae nayo."

Hawakuwa minyoo wa tumboni kama unavyodhani. Walikuwa kama viwavi, bapa, wanene, mwili umegawanyika pingili pingili, na kila pingili ina vishada viwili vya manyoya meupe, kimoja ubavu huu na kimoja ubavu ule. Ukitazama harakaharaka utasema ni pamba imechipuka kwenye nyama. Karani wa yule bwana, kijana wa pwani aliyekuja naye, alituambia manyoya yale tuyaite singa. Nasi tukayaita singa.

Swali la bwana lilikuwa moja, na kwa swali hilo alivuka nchi nzima: je, minyoo hawa wote ni ukoo mmoja au ni koo mbili? Waliomtangulia waliwapanga kwa rangi. Yeye alikataa. Rangi, alisema kwa kinywa cha karani, huisha kwenye spiriti, lakini viungo havisemi uongo. Tazama kichwani, kuna kinyama kimekunjwa kama sikio la mbwa. Kwa wengine kirefu, kwa wengine kifupi. Tazama mgongoni, kuna vitu kama vijiti vyenye matawi, hivyo ndivyo wanavyovutia hewa. Kwa wengine vinaanza karibu na shingo, kwa wengine mbali. Mwisho tazama singa zenyewe. Kuna zenye ncha mbili kama panda ya manati, na kuna zenye meno yanayotazama nyuma, kama ncha ya mkuki wa samaki. Wa panda waende meza hii, wa meno waende ile. Na kulikuwa na chupa kadhaa ambazo hakujua aziweke wapi. Hizo ndizo zilizomnyima usingizi.

Akaomba wanawake wenye mikono ya kuchambua. Kwetu hilo si jambo la kutafuta. Mtoto wa kike wa Kinyiha anachambua ulezi kabla hajajua kuvaa nguo vizuri, na kahawa tulichambua mbegu kwa mbegu kwenye meza za shamba. Nyapara akanitoa mimi na wifi yangu.

Wifi ni mdogo wa mume wangu, tumbo moja. Mume wangu wakati huo alikuwa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu ng'ambo ya Mkwajuni, akirudi nyumbani pale anapokumbuka kwamba ana nyumba. Mama mkwe alishatangulia mbele za Mungu. Tulibaki watatu: baba mkwe, wifi na mimi.

Lazima nieleze kidogo hapa, maana vijana wa sasa wanacheka. Kwetu mke wa mwana hasemi na baba mkwe. Hamtazami. Akimwona njiani anaingia porini mpaka apite. Ukipika, chakula kinapelekwa na mwingine, na ukitaka kusema neno, neno linapelekwa na mwingine. Kwetu huyo mwingine alikuwa wifi. Ulimi wangu wote mbele ya mzee yule ulikuwa kinywani mwa binti yake. Nikisema "chumvi imekwisha," yeye anaenda kusema "baba, chumvi imekwisha." Wakati mwingine aliongeza la kwake, akarudi anacheka: "Nimemwambia unasema kofia yake inanuka." Nami nakimbilia nyuma ya nyumba kwa hofu, kumbe hajasema chochote.

Alikuwa ameposwa na watu wa Chapwa, kule mpakani Tunduma. Kijana alikuwa Kopabeliti, kwenye migodi ya shaba, na baba yake alikwishaleta ng'ombe. Wifi alishaanza kujifunza kuitika kama wanavyoitika watu wa mpakani. Ukimwita hata kwa kumgombeza anapiga goti: "Eya mukwai!"

Mezani aliifanya kazi ile chafu iwe nyepesi.

"Wifi," aliniambia siku moja, ameinua mnyoo kwa kibano, "huyu si kaka yako mkubwa?"

"Kwa vipi?"

"Manyoya mengi, kazi hana."

"Na huyu hapa si mchumba wako? Mtazame mdomo."

"Mchumba wangu ana viatu," akasema. "Huyu amekufa bila viatu, ni wa ukoo wenu."

Karani alitukemea kutoka kwenye kiti chake. Karani alikuwa na kiti. Alisema bwana hapendi kelele, ingawa bwana mwenyewe alikuwa ameinamia hadubini yake na kelele zetu hakuzisikia zaidi ya kelele za nzi. Niliwahi kumwuliza yule karani, kwa nini bwana anavaa glavu? Akajibu bila kuinua macho: "Wazungu wanaona kinyaa. Ninyi mmeshazoea uchafu." Hayo ndiyo maneno yake. Sijayapunguza.

Minyoo wakiwa na maji ya spiriti hawakutudhuru sana. Vidole viliwasha jioni, tukavipaka mafuta ya kupikia, basi. Matata yalianza bwana alipogeukia zile chupa zisizojulikana pa kuwekwa. Aling'oa vishada, akavilaza kwenye dawa inayokula nyama, kisha akatandaza singa tupu kwenye sinia, juu ya karatasi nyeusi, zikauke. Kazi yetu ingekuwa kuzitenganisha moja moja na kuzipanga kwenye vioo.

Asubuhi ya kazi hiyo alisimama mbele yetu akasema maneno marefu kwa lugha yake. Alinyoosha kidole kwenye sinia. Akagusa glavu yake. Akagusa jicho lake, mara ya kwanza, mara ya pili. Akaonyesha dirisha. Tukamtazama karani.

"Anasema mtazame vizuri," karani akasema, "na msifungue dirisha, singa zitapeperuka."

Basi. Maneno marefu namna ile yakatoka hivyo. Yaliyobaki yalibaki tumboni mwa karani, na sijui kama hakuyaelewa au aliona uvivu kuyabeba. Bwana akaenda kunywa chai kwa rafiki yake. Karani akatoka kuvuta sigara.

Sasa sikiliza. Singa zilipokauka, ile nyama iliyobaki ilikauka nazo, ikawa kama pumba. Zimechanganyika, kitu na takataka. Wewe mwanamke wa Mbozi ukiona kitu kizuri kimechanganyika na pumba kwenye kitu bapa, unafanya nini? Hufikiri. Mikono inafikiri yenyewe. Wifi aliinua sinia kama ungo, akaliinamisha kidogo upande wake, akaligonga kwa kidole ili pumba zije juu, akakunja mdomo, akapuliza. Taratibu, kama tunavyopuliza ulezi. Uso karibu kabisa, maana ukiupuliza ulezi kwa mbali unapoteza mbegu.

Ziliinuka kama moshi mweupe.

Kwanza alicheka. "Zimenitekenya," akasema. Halafu akafikicha. Halafu akasema, "Wifi, nani ameweka pilipili hapa?" Halafu sikusikia maneno tena, ni sauti tu, nami nimemshika mikono yote miwili asifikiche, na vidole vyangu vinawaka moto kwa kugusa mashavu yake.

Bwana alikuja mbio. Sitamsingizia, alikuja mbio. Lakini alipofika mlangoni macho yake yalikwenda kwenye sinia kwanza. Nilikuwa pale, niliona. Kisha akamtazama binti, akawa mweupe kama karatasi, akapiga kelele aitwe dresa wa shamba.

Dresa alikuja na kitambaa. Alikuwa mtu wa kufunga vidonda vya jembe na kugawa kwinini, akajiita daktari msaidizi. Nilimwambia, "Hizi ni kama miiba, ziko ndani." Akaniambia, "Mama, mimi nimesomea." Akamsugua yule mtoto macho kwa kitambaa kama anayesugua sufuria ya ugali. Kila aliposugua, nilijua zinazama. Alipomaliza akasema, "Ni vumbi. Apumzike gizani, atapona."

Nikambeba mgongoni mpaka nyumbani. Na huko nyumbani, karani alikuwa ametutangulia kwa baiskeli ya bwana.

Alikuwa ameketi na baba mkwe chini ya upenu, amevua kofia kwa heshima. Niliingia porini kama mila inavyotaka, nikamwachia wifi aende peke yake akipapasa ukuta, na kutoka porini nikamsikia karani akimweleza mzee kwamba binti amefanya mchezo na kazi ya bwana, ameharibu kitu kisichonunulika, ila bwana ni mwema, hatamshtaki. Tena akasema, kama anayetoa ushauri wa mtoto kwa mzazi: "Baba, mkimpeleka hospitali ya misheni, habari itaandikwa Boma, na habari ya Boma inapanda lori. Kesho iko Tunduma. Wale wa Chapwa wataambiwa mchumba ni kipofu, kumbe ni vumbi la siku mbili."

Mzee alifikiri ng'ombe. Namtaja, ingawa ni marehemu na ni babu wa watoto wangu. Alifikiri ng'ombe wale wa Chapwa. Akamwingiza binti yake chumba cha ndani, akatundika mkeka mlangoni, akasema asitoke na asionwe na mtu.

Na mimi ningesema kwa ulimi upi? Aliyebeba maneno yangu ndiye aliyefungiwa.

Kuna njia moja ambayo mila inairuhusu. Unaweza kuzungumza na kitu kingine, mzee akiwa anasikia. Asubuhi nilimfunga mbuzi karibu na upenu, nikamwambia mbuzi kwa sauti: "We mbuzi, kama ungekuwa na mwana ambaye macho yake yamevimba yanatoka usaha, ungekaa hapa unatafuna?"

Baba mkwe alikohoa. Akaliambia jembe lake: "Jembe, mwambie mbuzi kwamba dresa amesema giza linaponya."

"Mbuzi, dresa huyo alisugua miiba kwa kitambaa."

"Jembe, mbuzi huyu ana mdomo mrefu tangu alipoletwa hapa."

Ndivyo tulivyosemezana, mbuzi na jembe, na ndani ya mkeka mtoto analia. Kila siku ilikuwa hivyo. Nikimwingizia uji, nilimkuta amegeukia ukuta. Jicho la kulia lilikuwa limefumba kwa uvimbe, limetoa ukungu mweupe kama maji ya mchele. La kushoto lilikuwa jekundu lakini lilinifuata. Aliniuliza, "Wifi, umemwambia baba?" Nikasema nimemwambia. "Kasema nini?" Nikasema anatafuta lori. Ningesema nini?

Siku ukungu ulipoanza kuonekana kwenye jicho la pili, nilitoka nikaenda njia ya mtoni, nikasimama katikati. Mzee alikuwa anapanda kutoka kuoga. Sikuingia porini. Nilimtazama usoni, uso ambao tangu niolewe sikuwahi kuuona vizuri, nikashangaa, ulikuwa uso wa wifi uliozeeka.

"Baba," nikamwambia, "mwanao anapofuka. Unamwozesha kwa ajili ya ng'ombe."

Alijifunika blanketi kichwa kizima kama mtu aliyenyeshewa mvua ya mawe. Wanawake waliokuwa mtoni walipiga yowe, si kwa ajili ya macho ya binti, bali kwa ajili yangu. Kutoka ndani ya blanketi ikatoka sauti: "Aondoke naye. Aondoke naye, nisiwaone."

Tuliondoka na lori la kahawa, juu ya magunia, nimemfunika wifi kichwa kwa kanga yangu. Hospitali ya misheni daktari alikuwa mzungu mwanamke, mkali, mwenye mikono midogo. Alimlaza, akawasha taa, akaanza kuzitoa singa moja moja kwa kioo cha kukuzia, akiziweka kwenye kisahani. Ilichukua asubuhi nzima. Alipomaliza akaniita nje. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata lakini hakikuficha kitu.

"La kulia limekufa. La kushoto labda litarudi. Siku gani ziliingia?"

Nikamwambia.

"Na mlikuwa wapi?" akasema. "Mlikuwa wapi?"

Kwa mzungu mgeni ungeanza vipi kueleza habari ya jembe na mbuzi?

Bwana wa minyoo alikuja kesho yake kwa gari la rafiki yake, na karani nyuma. Alikaa pembeni ya kitanda muda mrefu. Kisha akaona kisahani dirishani. Daktari alikuwa hajakitupa. Akamwuliza jambo, daktari akapandisha mabega, naye akakichukua akatoka nacho kwa mikono miwili kama anayebeba komunyo. Hospitali ilikuwa na hadubini. Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi. Aliinama, akakaa hivyo, na alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika. Nimeufikiria uso ule miaka yote hii, natafuta neno jingine nisilipate. Ulikuwa na furaha. Halafu akaona kwamba namwona.

Karani ndiye aliyenieleza, barazani, kana kwamba ananiletea habari njema. Singa za zile chupa zilikuwa zinavunjika ncha kila bwana alipozing'oa, hajui kama zina meno au hazina. Zile zilizotoka jichoni zilitoka nzima. Zina meno, yanatazama nyuma. "Basi ni wa meza ya pili," karani akasema. "Koo ni mbili. Bwana amemaliza."

Kabla ya kuondoka yule bwana alirudi kitandani, akamshika wifi mkono. "Pole sana, mwanangu," akasema. "Nilitaka kuwaambia mjihadhari." Kwa Kiswahili. Si cha kukatakata kama cha daktari, Kiswahili kilichonyooka cha pwani, maana alikaa huko miaka mingi, na nani mwingine angemwonyesha mawe yenye minyoo kama si wavuvi? Miezi yote ile mezani kinywa chake hakikufunguka kwetu kwa Kiswahili, hata kwa "hodi." Huyo ndiye wa kwanza katika hesabu yangu. Karani ni wa pili. Watu wananiambia samehe, mzungu alishakwenda zake Ulaya na kitabu chake. Na aende.

Tuliporudi nyumbani wazee walikuwa wananingoja mimi. Nimemwangalia mkwe usoni, nimemtamkia maneno. Lazima nitoe kuku, apikwe, mzee ale, ndipo tuwe tumesafishwa na nirudi kwenye adabu yangu. Sikubisha. Nilikuwa nimechoka.

Wifi wakati huo alikuwa anaonekana mzima. Kitambaa kilibaki jicho la kulia tu. Alifagia uwanja, alichota maji kwa njia anayoijua, alisalimia watu kwa majina yao kabla hawajabisha hodi. Baba mkwe alitangaza kwa majirani kwamba jicho moja linamtosha mwanamke, na wale wa Chapwa wakatumiwa neno waje.

Siku ya kutoa kuku nilimkamata, nikamfunga miguu, nikakaa juani mlangoni karibu na wifi ninoe kisu. Kuku alikuwa magotini pangu, hatua moja kutoka usoni mwake. Alinyoosha mkono akampapasa mgongo.

"Maskini," akasema, "huyu mweupe wako ulivyompenda."

Mweupe alichukuliwa na mwewe tukiwa hospitali. Niliyekuwa nimempakata ni mweusi.

Nilinyamaza. Naye akausikia ule unyamavu. Akarudisha mkono wake mapajani, akaugeuza uso upande wa shamba kana kwamba anatazama kitu.

"Usimwambie baba," akasema.

Ningemwambia vipi? Kuku yule ndiye aliyekuwa ananirudisha kwenye ukimya. Nilimchinja, nikampika, mzee akala, wazee wakasema sasa nyumba imepoa.

Wale wa Chapwa walikuja na vyungu vya pombe. Wifi aliwatokea na maji ya kunawa, akatembea sawasawa, hakujikwaa, akapiga goti, akamwagia maji baba wa kijana pembeni ya mikono, yakaenda ardhini yote. Ng'ombe walirudi nao, na baba mkwe alikufa akisema ni ulimi wangu uliovunja ndoa ile.

Wifi ninaye hapa. Ananiuliza nimeandika mpaka wapi, nami nimemwambia nimepita habari ya kuku.

"Umeandika alikuwa mweusi?"

Nimemwambia ndiyo.

"Vizuri," amesema. "Andika pia kwamba baba alinipa paja, nikala lote."